Siku Nilipouza CD Zote Kajiado

Shemeji yangu alikuja kuishi kwetu Kitengela baada ya kumaliza kozi ya kompyuta Nairobi. Ni mdogo wa mume wangu, kitinda mimba wa nyumba yao. Mama yao alipiga simu kutoka kwao magharibi mwa nchi akasema, "Mshikeni mdogo wenu mkono." Tukamshika. Nilimpa chumba cha watoto, watoto wakahamia sebuleni. Nilimfulia nguo, na asubuhi nilimtengea mayai ambayo mume wangu mwenyewe hakuyapata. Nayasema haya mwanzoni ili ijulikane kwamba mtu niliyekuja kumchukia ni mtu niliyemlisha kwa mkono wangu.

Wakati huo nilikuwa na duka la gemu. Biashara hiyo niliijulia Kajiado mjini, miaka ya tisini, nilipokuwa msichana. Baba alikuwa mwalimu kule, na nilipomaliza shule nikaandikwa kazi katika duka la redio karibu na barabara ya Namanga. Mwenye duka alianza kuleta zile mashine ndogo za gemu zinazochomekwa kwenye televisheni, pamoja na kaseti zake za plastiki ya manjano. Niliona kwamba hakuna mtu aliyenunua kaseti kabla ya kuishika. Aliigeuza, akatazama picha, akaipuliza pale chini hata kama haikuwa na vumbi, kisha akaitia mfukoni mwa shati. Kuna mfugaji mmoja alinunua kaseti kabla hata stima haijafika kwake. Nilimuuliza ataicheza wapi. Akasema, "Iko yangu tu. Stima itanikuta nayo."

Nilipoolewa tukahamia Kitengela, mume wangu akiwa karani katika kiwanda kimoja upande wa Athi River. Mji ulikuwa unakua mbele ya macho yetu. Leo ni mbuga ya swala, kesho kuna mtu amechimba msingi, na malori ya mawe yanapita mchana kutwa. Watu wa mishahara walikuja na familia zao, wakajenga, wakafunga mageti, na ndani ya mageti kulikuwa na watoto wenye televisheni na likizo ndefu. Nikakodi chumba karibu na soko, nikakipaka rangi ya samawati, nikaweka rafu.

Kaseti zilikuwa zimepitwa, gemu sasa zilikuja kwa CD, na CD zangu zilikuwa orijino. Nilizipata Nairobi kwa watu waliofungua makontena ya vitu vya mtumba kutoka Ulaya. Nilikwenda mapema kabla wengine hawajachakura, nikaziinua moja moja na kuzigeuza kwenye mwanga kutafuta mikwaruzo. Kila moja niliitaka na boksi lake na kile kijitabu chake cha ndani. Dukani niliziuza, nikazinunua tena, nikabadilishana. Mteja akimaliza gemu analeta, anaongeza kidogo, anachukua nyingine. CD moja ingeweza kupita nyumba nyingi za Kitengela na mwishowe ikarudi kwangu. Zile bora kabisa sikuziuza. Nilizifungia kwenye kabati la kioo na kuzikodisha tu, na watu walitoka Isinya na hata Athi River kuja kuzikodisha.

Shemeji alikaa dukani akinisaidia huku akitafuta kazi. Siku moja alichukua CD moja kabatini, akaitazama, akatikisa kichwa.

"Shem, hizi zinakufa polepole. Ona vidole vya watu. Nipe niwe nazisafisha nyumbani, niko na dawa ya lenzi."

Nikaona ni mtoto mwenye akili. Kila jioni aliondoka na mfuko wa CD, na kila asubuhi alizirudisha zinang'aa. Nilimsifu kanisani. Nilimpigia mama yao simu nikamwambia amezaa kijana wa maana. Hayo maneno yangu ya sifa ndiyo yanayoniuma mpaka leo kuliko hata kile alichofanya.

Alipomaliza kuzisafisha CD zangu zote, alituaga. Akasema amepata rafiki wa kugawana naye nyumba. Wiki chache baadaye nikaona fundi anapandisha bango kwenye chumba kilichokuwa wazi, ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na wangu. LETA MASHINE TUKUJAZIE GEMU. BILA CD. Chini ya bango alikuwa amesimama shemeji yangu, mikono kiunoni, akimwelekeza fundi asogeze upande wa kushoto.

Alinipungia mkono.

Sikuelewa mara moja. Nilidhani amepata gemu zake mahali. Halafu wateja wangu wakaanza kuvuka. Walikwenda na mashine zao, akazifungua, akatia hadidiski ndani, akazijaza gemu kutoka kwenye kompyuta yake, na mtu akarudi nyumbani na gemu nyingi kuliko ambazo angekodi kwangu mwaka mzima. Hakukuwa na boksi wala kijitabu, wala haja ya kurudisha chochote. Mwalimu mmoja wa shule ya upili, mteja wangu wa zamani, ndiye aliyenifungua macho. Alipita dukani akilalamika.

"Ile gemu ya magari niliyojaziwa pale inakwama," alisema. "Ukifika kwenye daraja la pili, picha inaganda."

Nilifungua kabati, nikatoa CD yangu ya ile gemu ya magari. Ilikuwa na mkwaruzo mmoja ambao sikuweza kuuondoa, na kila aliyeikodi nilimwonya kwamba itasumbua kwenye daraja la pili. Mwalimu akaiangalia, akaniangalia mimi, akairudisha juu ya kaunta polepole. Alikuwa ameelewa, na aliona haya kwa niaba ya mtu mwingine.

Nilivuka barabara mchana kweupe, na duka lake lilikuwa limejaa watu.

"Ulizikopi," nilimwambia. "Zile jioni zote ulizokuwa unazisafisha, ulikuwa unazikopi."

Hakukana, na laiti angekana. Alicheka kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto, akavuta kiti akanipa nikae.

"Shem, CD zako si ziko kwako? Hakuna hata moja imepotea. Mimi nimechukua nini?"

"Umechukua gemu zangu."

"Hiyo ni biashara ya zamani. Siku hizi mtu hahitaji kushika kitu. Ungefunga tu uje tufanye pamoja, nikupatie kazi hapa mbele, upokee wateja."

Watu walicheka. Si kwa ubaya, lakini walicheka. Nikageuka nikarudi kwangu, na nilipofika nikakaa nyuma ya kaunta nikitazama mlango wake. Nilikaa hivyo kwa miezi. Nilijua anafungua saa ngapi na nani anaingia. Kila niliyemwona akitoka pale na mashine kwapani nilimwona amebeba kitu changu.

Nyumbani sikupata wa kunisikia. Mume wangu aliinama juu ya chakula chake akasema, "Ni kijana. Anatafuta maisha kama sisi." Mama yao alinipigia simu, sauti tamu kabisa. "Mwanangu, ndugu hawagombanii vitu vya kuchezea." Niliitikia ndiyo mama. Nilikata simu nikaenda nyuma ya nyumba nikapasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Mtu mmoja tu ndiye aliyelichukulia jambo hili kwa uzito wake. Alikuwa mama wa Kimaasai kutoka upande wa Isinya, mfanyabiashara wa ng'ombe, mjane, mrefu, mwenye kutembea na simu mbili. Aliwanunulia wanawe gemu kila walipofunga shule ili wasizurure. Hakuwahi kuvuka barabara kwenda kule. Siku aliponikuta nimekaa nikitazama mlango wa shemeji alinisalimu kwa Kimaa, "Takwenya," nikaitika, "Iko," lakini bila nguvu. Akaketi. Nikamweleza yote.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Unataka nini?"

"Nataka aumie."

"Sawa," alisema, kama mtu aliyeagizwa sukari. "Basi ngoja. Mtu kama huyo atarudi tu. Amechukua maziwa, siku moja atahitaji ng'ombe."

Nikangoja. Sikumwombea mabaya kwa sauti, lakini kanisani, wakati wa sala ya kimya, Mungu anajua nilichokuwa nasema.

Siku ilipofika haikutoka kwangu. Ilikuwa ni msimu wa mvua, stima ikapotea Kitengela nzima, ikarudi kwa nguvu kiasi kwamba taa yangu ya dukani ilipasuka. Ng'ambo ya barabara nikaona moshi mwembamba unatoka mlangoni kwa shemeji, naye akitoka nao, akipunga hewa kwa shati. Kompyuta yake ilikuwa imeungua, na hadidiski kubwa alimoweka kila kitu ikaungua nayo. Fundi wa Nairobi aliifungua akamwambia haina maisha. Gemu zote alizozichukua kwangu zilikuwa mle ndani, hakuweka kopi nyingine, na wateja aliowajazia, baada ya moshi ule, walikataa kumrudishia mashine zao azifungue tena.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo mji mzima ulilijua kwa sababu alilitangaza mwenyewe. Kando ya barabara kuu alikuwa anajenga tajiri mmoja ukumbi wa burudani, pamoja na mkahawa na chumba kikubwa cha gemu. Shemeji alikuwa amepewa kazi ya kujaza mashine zote za ukumbi huo na kuzitunza. Ufunguzi ulikuwa Jumapili iliyofuata. Kopi za mitaani Nairobi zilikuwepo, lakini nyingi zilikuwa mbovu, na tajiri alikuwa amemchagua yeye kwa sababu gemu zake zilikuwa safi. Usafi huo ulitoka kabatini kwangu.

Akavuka barabara. Nilimwona akija, nikapanga vitu vya juu ya kaunta ili asinikute ninamtazama.

"Shem, habari za siku."

"Nzuri."

Alisimama akipapasa ukingo wa kaunta. Aliuliza watoto. Nikasema wazima. Alisifu rangi ya duka, rangi ileile aliyoiona tangu alipokuja.

"Shem, nilikuwa naomba unisaidie zile CD za kabatini. Siku mbili tu. Nitazishika vizuri."

"Kwa nini? Si mtu hahitaji kushika kitu siku hizi?"

Alitabasamu kidogo, macho yakiwa chini. "Nilikosea kusema vile. Nisamehe shem. Kama hii kazi ya ukumbi itapotea, mimi nimekwisha."

Ningeweza kukataa palepale. Ulimi ulikuwa umeshaanza kujikunja. Lakini nikikataa angekuwa na muda wa kutafuta kwingine, angemlilia mama yao, mume wangu angezitoa CD zangu kwa nguvu ya ndoa. Nikamtazama usoni, uso unaofanana sana na wa mume wangu, nikasema kwa upole, "Njoo Ijumaa jioni. Kuna watu wamezikodi, mpaka hapo zitakuwa zimerudi."

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nilimsikia akiongea kwenye simu akivuka barabara, akimwambia tajiri asiwe na wasiwasi.

Jioni ile nilimpigia yule mama wa Isinya.

"Amekuja," nikasema.

"Amekuja kuomba?"

"Ndiyo."

Alicheka kwa muda mrefu, kicheko cha kifuani. "Kesho kutwa kuna mnada wa ng'ombe Kajiado. Watu wa vibanda vya gemu wanakuja siku hiyo kwa sababu watoto wa shule wako huko na pesa za wazazi. Namanga wanakuja, Magadi wanakuja. Leta zote. Gari nitatuma."

"Zote ni duka langu," nilimwambia. Nilitaka asikie kwamba nimelifikiria hilo.

"Najua. Ndiyo maana nasema uamue kabla gari halijafika."

Niliamua nikiwa bado nimeshika simu. Duka lilikuwa linakufa hata hivyo, na nilikuwa nimeshaona kwamba halitapona. Kama ni kufa, lifie mahali ninapotaka mimi.

Pikapu yake ilikuja ikiwa bado inanuka ng'ombe. Nilipakia mwenyewe, masanduku ya katoni yaliyofungwa kwa kamba, na zile za kabatini nilizifunika kwa kanga yangu nzuri. Nilimwambia mume wangu naenda Kajiado kumwona mama yangu, na kweli nilimpitia mama, nikanywa chai, nikaondoka.

Uwanja wa mnada ulikuwa umejaa. Nilitandika turubai pembeni, mbali na vumbi la mifugo, nikazipanga. Watu wa vibanda walikuja wakidhani ni kopi. Waliposhika ya kwanza wakainua kwenye mwanga, wakaitana. Kulikuwa na mmoja kutoka Gataka, mwingine aliyekuwa na kibanda Kiserian, na kijana wa Magadi aliyesema kule joto ni jingi kiasi kwamba wafanyakazi wakitoka zamu hawana la kufanya ila kukaa ndani kucheza. Nilimpa huyo fungu kubwa kuliko wote, kwa sababu Magadi ni mbali na barabara inaishia huko. Nilitaka ziende mahali zinapoishia barabara.

Kila niliyemuuzia nilimwambia asije Kitengela kuniuzia tena. Nilihakikisha hakuna aliyechukua nyingi za kabatini peke yake. Nilizitawanya. Ile ya magari yenye mkwaruzo niliiuza kwa mtu wa Namanga, nikamwonya kuhusu daraja la pili, kwa sababu yeye hakuwa amenikosea chochote. Mama wa Isinya alisimama nyuma yangu amekunja mikono, na mtu alipojaribu kuvuta bei chini sana alisema maneno machache ya Kimaa, bei ikapanda.

Nilipoondoka, turubai lilikuwa tupu. Nilitegemea kulia. Badala yake nilisikia njaa, tukaenda kula nyama choma nyuma ya mnada, tukala vizuri sana.

Ijumaa nilifungua duka mapema kuliko kawaida na kukaa mpaka jioni. Nilikuwa nimefagia. Rafu zilikuwa wazi, kabati la kioo limepigwa kitambaa likang'aa, hakuna kitu ndani. Shemeji aliingia na mkoba mgongoni, mkubwa, wa kubebea.

Alisimama katikati ya chumba. Aliangalia rafu za kushoto, akaangalia za kulia, akaenda kabatini akaweka mkono juu ya kioo.

"Shem, ziko wapi?"

"Nimeuza."

"Zote?"

"Zote."

"Uliniambia Ijumaa."

"Nilikwambia uje Ijumaa. Umekuja."

Alikaa kwenye kile kiti cha wateja. Nilitazama namna alivyouvua ule mkoba mtupu akaupakata. Nilikuwa nimengoja kuona hilo kwa muda mrefu na sikutaka kupitwa na chochote.

"Kwa nani? Niambie ni nani, nitamfuata."

"Wako Namanga, wako Magadi, wako Gataka. Wengine hata siwajui wanaenda wapi. Waliziweka mifukoni wakaondoka."

"Umeua duka lako, shem. Kwa sababu yangu?"

"Ndiyo," nilisema. "Kwa sababu yako."

Alikaa pale mpaka giza likaanza kuingia, nami sikumfukuza. Nilikunywa chai yangu mbele yake bila kumkaribisha, mimi niliyewahi kumtengea mayai.

Jumapili ukumbi ulifunguliwa na mashine tupu, na tajiri akampa mtu wa Nairobi ile kazi. Shemeji alifunga chumba chake kabla mwezi haujaisha. Bango lilibaki juu kwa muda kwa sababu hakumlipa fundi wa kulitoa. Baadaye alipata kazi ya stoo Magadi, na nilipoambiwa nilijiuliza kama jioni huwa anaingia kwenye kibanda cha yule kijana niliyemuuzia na kukuta boksi analolijua. Natumaini analikuta.

Mama yao alipanda basi akaja kufanya kikao. Aliongea asubuhi nzima. Mume wangu hakunisemesha kwa muda, na alipoanza tena alianza na habari za maji ya tangi. Niliulizwa mbele ya wazee wa kanisa kama ninajuta. Nilisema CD zilikuwa zangu na niliziuza kwa halali, na kama kuna aliyepoteza kitu chake katika biashara hiyo aje mbele akitaje. Hakuna aliyekuja mbele.

Lile duka nililigeuza likawa la sare za shule, na sare hazijawahi kuninyima riziki. Kuelekea elfu mbili na kumi watu walianza kuvuta gemu kwenye simu, hewani tu, na vijana wenye vibanda wakaanza kufunga. Mume wangu husema, akiwa amechangamka, kwamba mdogo wake ndiye aliyekuwa sahihi. Labda. Mimi sikuwa nikigombana na nyakati. Nilikuwa nikigombana na mtu mmoja aliyekula kwangu, na huyo nilimshinda.

Sasa ameoa. Alimleta mkewe kututembelea Krismasi, msichana mpole, mcheshi, anayejua kupika kuliko sisi wote. Alinifuata jikoni akanisaidia kumenya viazi.

"Dada," alisema, "mume wangu anakuheshimu sana. Anasema wewe ndiye ulimfundisha biashara. Mbona kila nikimuuliza vipi, anatoka nje?"

Nilimpa kisu kingine, kilichokuwa kikali zaidi. Nampenda, na hilo linanisumbua. Aliuliza tena kidogo, nikamwambia viazi vikatwe vidogo ndiyo viive haraka. Nitamweleza siku moja, mumewe akiwa amekaa hapohapo. Bado sijachagua siku.